Hospitali kubwa ya kanda imefika kwenu: namna ya kuitumia, na namna ya kuilinda zahanati yenu isife

Ndugu zangu wa Kusini mwa Tanzania (Mtwara, Lindi, Ruvuma), na nyie wa mikoa mingine ambako serikali imejenga au inajenga hospitali kubwa, hii nimeiandika kwa ajili ya watu wa kawaida, mama mwenye mtoto anaeumwa, kijana anaemuuguza mzee wake, mwenyekiti wa kijiji anaeulizwa maswali kila akitoka nje. Maana jengo likishazinduliwa na maturubai yakishakunjwa, hakuna anaebaki kutuelekeza sasa hili tunalitumiaje. Matokeo yake wengine wanakimbilia kule na homa ya jana usiku, wengine wanaiogopa mpaka mgonjwa azidiwe kabisa, na huku kijijini zahanati inaanza kupwaya taratibu na hakuna anaesema kitu.

Nitatumia sana mfano wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ile ya Mitengo pale Mtwara, lakini hata ukiwa Dodoma, Chato au Mbeya mambo mengi ni yale yale. Na niseme mapema ninachokiamini, hospitali ya kanda inafanya kazi yake pale tu ambapo zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya nazo zinafanya kazi zao. Huku chini kukifa, kule juu kunajaa malaria na mafua, na yule mwenye uvimbe kichwani anakosa kitanda.

Imejengwa kwa ajili gani hasa

Ngazi zetu ziko hivi: zahanati ya kijiji, kituo cha afya cha kata, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa (Mtwara ni Ligula, Lindi ni Sokoine, Songea ni Homso), alafu ya kanda, alafu ndo Muhimbili na taasisi za taifa kama Ocean Road kwa saratani, MOI kwa mifupa na Jakaya Kikwete kwa moyo. Mwanza wana Bugando na Moshi wana KCMC tangu 1971, sisi Kusini ile ngazi ya kanda ilikuwa haipo kabisa, ukitoka Ligula unaruka mpaka Dar, kama kilometa 560, na wakubwa wanakumbuka kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 mgonjwa alikuwa analazwa kwenye gari anasubiri kivuko cha Rufiji pamoja na magari ya mizigo. Ujenzi wa Mitengo ulisuasua miaka mingi, ukaja kukamilika, Rais Samia akaizindua rasmi Septemba 2023. Na faida yake tuliiona vizuri Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara maeneo ya Somanga kule Kilwa, mabasi yakakwama, Kusini na Dar zikatengana kwa siku kadhaa. Kipindi kama hicho mtu anaehitaji bingwa angepelekwa wapi kama huku kwetu hakuna?

Kwa hiyo hospitali ya kanda ipo kwa ajili ya yale ambayo wilaya na mkoa yamewashinda: upasuaji mkubwa, vipimo vizito, madaktari bingwa na bingwa bobezi, wagonjwa wa ICU, matatizo ya figo. Chukulia mgonjwa wa dialisisi, huyo kwa kawaida anatakiwa kwenye mashine mara 3 kwa wiki, kila wiki, yani hospitali ikiwa mbali inabidi ahame kwao akapange chumba mjini. Huyo ndo wa kwanza kunufaika na hospitali kuwa karibu, sio mimi mwenye mafua.

Kitu kingine ambacho watu wa Ruvuma hawaambiwi, Songea mpaka Mtwara ni zaidi ya kilometa 600. Mbeya kwenu ni karibu zaidi. Ukiandikiwa rufaa ya kanda muulize dokta anakupeleka upande gani na kwa nini, una haki ya kuuliza, na kama huna ndugu wala pa kulala upande mmoja mwambie hapo hapo kabla hajaandika.

Kabla hujapanda gari

Anza na swali, huu ugonjwa nani wa karibu anaweza kuutibu? Homa ya mtoto, kuharisha, kikohozi, kidonda, mimba isiyo na tatizo, presha na sukari ambazo zimeshajulikana na dawa zake zinajulikana, hivyo vyote ni vya zahanati na kituo cha afya. Tuseme malaria, ambayo Kusini bado ipo sana. Mtoto anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kijipande cheupe cha plastiki, zinaongezwa tone za dawa yake, mnakaa kwenye benchi dakika 15 mpaka 20 vistari vinatokea, kama ipo anaanzishiwa dawa ya mseto, dozi 6 kwa siku 3, mnarudi nyumbani kupika. Ukienda na homa hiyo hiyo hospitali ya kanda utakuta kipimo kile kile na dawa ile ile, ila utakuwa umelipa nauli ya watu wawili na umekaa foleni moja na mtu aliyetoka Newala na uvimbe tumboni, na kila dakika ya dokta unayoitumia wewe ni dakika ya yule.

Sasa kuna dalili ambazo hazitaki mjadala, degedege, mtoto kutapika kila anachopewa, kushindwa kunyonya au kunywa, kulegea mpaka haamki vizuri. Na hapa ndo watu wanapokosea kwa nia njema kabisa, wanakodi gari wanampitisha mtoto nje ya geti la kituo cha afya wanakimbilia hospitali kubwa ya mjini. Usifanye hivyo. Simama kituo cha karibu KWANZA, apewe sindano ya kwanza, apimwe sukari mwilini, awekewe dripu kama inatakiwa, alafu ndo asafirishwe akiwa na mtu wa afya kama inawezekana. Dharura haihitaji barua wala utaratibu wa ngazi, inahitaji mkono wa mtaalamu haraka, na mkono wa haraka ni ule ulio karibu.

Kwa wajawazito hili ni zito zaidi. Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya kama saa 2 asipopata msaada. Kutoka Liwale saa 2 hazikufikishi Mitengo hata ukipewa dereva wa namna gani. Kwa hiyo hospitali ya kanda iwe nzuri vipi, anaemuokoa mama wa Liwale ni mkunga aliyeko Liwale, dawa ya kuzuia damu iliyoko kwenye friji ya Liwale, na chumba cha upasuaji cha huko huko. Ndo maana kuanzia 2017 vituo vya afya vingi vilijengewa thieta ili mama afanyiwe upasuaji hapo hapo katani. Nenda kaulize kituo chenu kina thieta? Mtaalamu wa dawa ya usingizi yupo? Usisubiri uchungu uanze ndo uulize.

Na hifadhi namba 115 kwenye simu, na ya bibi, na ya bodaboda wa jirani. Ni bure, ni ya mfumo wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaohitaji kusafirishwa kwa dharura. Ukipiga, mhudumu anauliza dalili, anatafuta ambulensi, na kama ambulensi haipo anatafutwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa na huyo analipwa na mfumo, sio na familia. Nimekutana na wanawake wengi sana ambao hawaijui hii namba, wanauza gunia la mahindi usiku wakakodi gari.

Barua ya rufaa, hapa usiwe na haraka

Kama kuna kitu kimoja cha kukisimamia mpaka mwisho ni hiki. Mgonjwa anafika hospitali ya kanda na mfuko wa rambo, ndani kuna daftari la zahanati lenye kurasa zilizolowa, kadi ya kliniki, eksirei iliyokunjwa, vidonge vya rangi tatu kwenye kikaratasi visivyo na jina, na barua ya mstari mmoja inasema “mpokeeni mgonjwa huyu kwa matibabu zaidi”. Dokta aliyepo mbele yake hajui ameumwa toka lini, amepewa nini, amepimwa nini. Inabidi aanze upya, vipimo upya, hela upya, siku mbili zimeenda.

Barua nzuri inakuwa na jina kamili na umri, tatizo na lilianza lini, vipimo vilivyofanyika NA MAJIBU yake, dawa alizopewa, kiasi gani na saa ngapi mara ya mwisho, magonjwa mengine aliyonayo, dawa zinazomdhuru, sababu ya kumpeleka juu na anapelekwa kwa bingwa wa nini, alafu saini, muhuri, na namba ya simu ya aliyeandika. Hiyo namba ya simu watu wanaidharau lakini imeokoa wengi, dokta wa kanda anampigia tabibu wa wilayani wanaelewana kwa dakika tano.

Isome kabla hujaondoka. Kama hujui kusoma vizuri muombe mwanao au mwalimu akusomee. Ukiona majibu ya vipimo hayajaandikwa rudi ndani uombe kwa heshima, “dokta samahani, naomba uniandikie na majibu ya damu yale ya juzi wasinipime tena kule”, hakuna dokta mwenye akili atakaekufukuza kwa hilo. Piga picha karatasi zote kwa simu, tuma kwa ndugu mmoja, kwa sababu mfuko unasahaulika kwenye basi. Dawa zibebe na makopo au maboksi yake.

Muombe pia anaekuandikia apige simu kuuliza kliniki ya bingwa huyo ni siku gani. Bingwa wa mifupa hakai kliniki kila siku, siku nyingine yuko thieta, siku nyingine anazunguka wodini. Mtu anatoka Tunduru anafika Ijumaa, anaambiwa kliniki ni Jumanne, siku zote hizo analala wapi?

Alafu usisahau, kuna wakati bingwa anakuja mwenyewe wilayani kwenu. Kuanzia 2024 kuna zile kambi za Madaktari Bingwa wa Mama Samia zinazozunguka hospitali za halmashauri, wanakuja mabingwa wa wanawake na uzazi, watoto, magonjwa ya ndani, upasuaji. Kama ugonjwa wako unaweza kusubiri wiki chache, kama hernia (ngiri) isiyokuletea shida au uvimbe ambao umeshapimwa ukaambiwa sio wa haraka, uliza kwa mganga mkuu wa wilaya kambi ni lini. Nauli yote hiyo inabaki kwenye ada ya mtoto.

Hela, tuzungumze wazi

Watu wanahesabu gharama ya upasuaji tu. Kaa chini na karatasi uandike: nauli ya mgonjwa na muuguzaji kwenda na kurudi, na hesabu kurudi mara ya pili kwa sababu karibu kila mpasuliwaji anaitwa tena kliniki, chakula cha muuguzaji, pa kulala, vocha, bodaboda kutoka stendi, dawa ambazo zitakosekana dirishani ukanunue nje. Mara nyingi hivi vyote vikijumlishwa vinazidi bili yenyewe ya hospitali.

Bima isome mwisho wake ni ngazi gani. Ile CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), ya 30,000 kwa kaya ya watu 6, mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuna watu wengi waligundua hilo wakiwa wamesimama dirishani na mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu. Bima ya Afya kwa Wote sheria yake ilipita 2023, na katika bima yoyote uliyonayo uliza mambo mawili tu kabla hujaondoka kwenu, inafika ngazi ya kanda? na inadai barua ya rufaa? Ukiruka ngazi bila barua unaweza kuambiwa ulipe cash kama mtu asiye na bima, na hapo hakuna wa kumlaumu dirishani, yule dada anafuata anachoona kwenye kompyuta.

Malipo ya hospitali za serikali ni kwa kontroo namba. Unapewa namba, unalipa kwa simu au kwa wakala wa benki, risiti inaingia. Usimpe mtu yeyote hela mkononi akulipie, awe amevaa koti jeupe au hajavaa. Mtu akikwambia lete hapa nikusaidie mambo yaende haraka, muombe kontroo namba, akishindwa kuitoa umeshapata jibu.

Kwa asiye na uwezo, sera ipo toka zamani, wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa kwa msamaha. Tatizo msamaha haujileti wenyewe. Toka kijijini na barua ya mtendaji na kitambulisho cha mzee kama anacho, ukifika tu tafuta ofisi ya afisa ustawi wa jamii, SIKU YA KWANZA, usisubiri bili ipande ndo ukaanze kulia getini. Maafisa ustawi wana kazi ngumu na wengi wana roho nzuri, ukimfata mapema anaweza kupanga, ukimfata siku ya kuruhusiwa amebanwa.

Na sisi watu wa korosho tunajijua, hela inaingia Oktoba mpaka Desemba hivi, ikifika Machi mfuko umekauka. Matibabu ya kupanga na michango ya bima yaweke kwenye msimu. Kata bima siku unayolipwa na chama cha msingi, kabla pikipiki haijanunuliwa.

Ukishafika pale

Fika asubuhi na mapema, na NIDA au kitambulisho chochote, na mtu mmoja tu wa kukusindikiza, mkija sita mtagombania benchi na wagonjwa. Muuguzaji awe mtu anaejua historia ya mgonjwa, sio yule aliyekuwa na nafasi tu. Nimeona mara nyingi mjukuu anaulizwa bibi anakunywa dawa gani za presha anabaki anaangalia dari.

Maneno ya mtaani yachuje. Hospitali kubwa mpya zote zinapitia hiki kipindi. Mloganzila kule Dar ilizinduliwa Novemba 2017, haikuchukua muda yakazuka maneno kwamba ukipelekwa kule hurudi, watu wakawa wanakataa rufaa wodini, Oktoba 2018 serikali ikaiweka chini ya Muhimbili, na leo watu wanaenda wenyewe kutafuta huduma. Ukifikiria kidogo unaelewa maneno yanatoka wapi, hospitali inayopokea waliozidiwa kutoka kila kona lazima itakuwa na misiba mingi kuliko zahanati inayotibu minyoo, na ukiwa unachelewesha mgonjwa kwa sababu ya hofu hiyo ndo unaongeza misiba yenyewe. Malalamiko ya kweli yapo, na yana mahali pake. Kuna ofisi za malalamiko, kuna namba 199 ya Wizara ya Afya ambayo ni bure, andika tarehe, saa, wodi, kilichotokea, hivyo vinne vinatosha wafuatilie.

Damu. Hili halizungumzwi wakati wa uzinduzi wowote. Hospitali inayofanya upasuaji mkubwa inakula damu nyingi kuliko mkoa ulivyozoea, na damu haitengenezwi kiwandani. Mgonjwa wenu amepangiwa upasuaji wiki ijayo? Ndugu wawili watatu wenye afya waende wakachangie mapema, kituo cha damu salama cha kanda kipo hapo hapo Mtwara, na hospitali za wilaya zinakusanya pia. Vijana wa bodaboda, wanakwaya, wanafunzi wa sekondari wa juu, timu za mpira, pangeni siku. Mkoa uliopata hospitali ya kanda bila kuongeza wachangiaji wa damu umepata nusu ya hospitali.

Kurudi nyumbani na karatasi

Rufaa ina kwenda na kurudi, sisi tunaijua ya kwenda tu. Ukiruhusiwa usitoke bila maelezo ya maandishi: umekutwa na nini, umefanyiwa nini, dawa gani mpaka lini, dalili gani zikitokea urudi haraka, na kituo cha kwenu kifanye nini. Omba hivi, “naomba uniandikie ili nikaendelee kule kwetu”. Alafu ndani ya wiki hiyo hiyo mpelekee tabibu wa zahanati yako, hata kama huumwi. Kufunga kidonda, kupima presha, sindano ya sukari, kutoa nyuzi, hivi havihitaji safari ya kilometa 200 kutoka Masasi. Wagonjwa wengi wa presha wanaacha dawa kwa sababu wanaamini dawa ya “kule” ni ya kule tu, wakikosa nauli wanakaa bila dawa, miezi inapita, wanarudi kule kwa ambulensi na kiharusi. Inauma sana kwa sababu dawa ile ile, au inayofanya kazi kama hiyo, ilikuwa kwenye kituo cha afya cha kata.

Sasa zahanati yenu

Hii sehemu ni ya wenyeviti, wajumbe, madiwani, na kila mwananchi mwenye mdomo.

Hospitali kubwa inahitaji wauguzi wengi, watu wa maabara, wa mionzi, wa usingizi, mafundi wa vifaa tiba, na wote hao vyuo haviwatoi kwa siku moja. Wengine watatoka humu humu mkoani. Simlaumu nesi hata kidogo, mtu amekaa porini miaka kwenye nyumba inayovuja, anaona nafasi ya kujiendeleza na shule nzuri ya watoto, ana haki ya kwenda. Shida ni nafasi aliyoiacha. Zahanati nyingi zina watumishi wawili au watatu, akiondoka mmoja aliyebaki hawezi kufanya mchana na usiku, basi mama akija na uchungu saa 8 usiku anakuta kufuli. Anafungasha anaenda kituo cha mbali au anarudi kujifungulia nyumbani. Na hospitali mpya inapongezwa kwa kujaa.

Mwalimu Nyerere alishaliona hili mwanzoni mwa miaka ya 70, alisema tusije tukashawishika tena na hospitali kubwa yenye gharama kubwa za kuiendesha kabla kila mwananchi hajafikiwa na huduma za msingi. Hali imebadilika toka kipindi kile, na mimi naamini Kusini tulistahili hospitali ya kanda, tena ilichelewa, ila onyo la gharama za kuendesha bado liko hai. Angalia Lesotho. Walijenga hospitali kubwa ya kisasa pale Maseru, ikafunguliwa 2011, vitanda 425, kwa ubia na kampuni binafsi. 2014 shirika la misaada la Oxfam wakatoa hesabu kwamba hospitali hiyo moja inakula nusu nzima ya bajeti ya afya ya nchi, wengine wakaibishia hesabu hiyo, lakini kwamba mzigo ulikuwa mzito kupita matarajio hilo halikuwa na ubishi, na 2021 serikali ikavunja mkataba. Huduma ndani ya ile hospitali zilikuwa nzuri kuliko ya zamani, wagonjwa wengi walipona. Waliolipa ni watu wa milimani ambao zahanati zao zilikuwa zinasubiri hela.

Kwetu mifuko ni miwili na ni muhimu uielewe, hospitali za rufaa za mkoa na kanda ziko chini ya Wizara ya Afya, zahanati, vituo na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Kwa hiyo diwani wako hawezi kuibana hospitali ya kanda, lakini zahanati na kituo anaweza, tena ndo kazi yake. Kwenye baraza la madiwani aulize kwa takwimu za kata: mwaka huu wamehama wangapi, kada gani, wameletwa wangapi, ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) inasemaje. Akijibiwa “tunalifanyia kazi” aombe tarehe.

Kijijini mna chombo chenu, kamati ya usimamizi ya kituo. Tangu 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo, hazipiti tena mlolongo wa zamani. Maana yake kamati ikiwa hai inaweza kupanga, tukarabati nyumba ya nesi asitamani kuondoka, tuweke sola chumba cha kujifungulia, tununue dawa zinazoisha haraka. Kamati ikiwa imelala hela inapangwa na watu wawili. Wajumbe wachagueni kwa akili, wekeni na mama anaejua kuuliza, na kila robo mwaka wabandike mapato, matumizi na dawa zilizopokelewa kutoka MSD (bohari ya dawa ya serikali) kwenye ubao ambao mtu anaweza kuusoma bila kuomba ruhusa.

Nyumba ya mtumishi naiongezea uzito. Serikali inaweza kumleta tabibu, kumfanya abaki ni kazi ya kijiji. Choo kizuri, maji karibu, watu wanaomsalimia na kumheshimu badala ya kumgongea saa 9 usiku kwa kipele, haya ndo yanamuweka mtu.

Na msizisahau hospitali za misheni. Ndanda na Nyangao zimetibu watu wa Kusini miaka na miaka wakati serikali haikuwa na hospitali ya kanda, na zinaishi kwa ada za wagonjwa pamoja na misaada ambayo haina uhakika. Hospitali mpya ya serikali ikiwachukua wagonjwa na wauguzi kwa pamoja, hizi zinayumba. Mtu wa Masasi akihitaji upasuaji ambao Mkomaindo, hospitali ya serikali ya pale Masasi, haijaweza, Ndanda iko njiani, iko karibu, muulize dokta kama inawezekana kufanyika hapo kabla hujaandikiwa Mtwara mjini.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3. Ujao nyoosha mkono uulize haya matatu: usiku zahanati inafunguliwa na nani, dawa gani zimekosekana tangu mkutano uliopita na kwa siku ngapi, na wagonjwa wangapi wamepewa rufaa na wangapi wamerudi na maelezo ya maandishi. Mtendaji aandike maswali na majibu kwenye muhtasari, diwani apewe nakala.